Sumaku Iliyolala Katika Makapi

Kila alasiri, mashine ya kukoboa mpunga ilipozimwa na utulivu ukarejea juu ya mashamba ya Bugarama, Gaju alikwenda kuketi juu ya kigoda nyuma ya jengo, akaweka sumaku mapajani, akaanza kuisafisha.

Kazi hiyo alipewa na babu yake, mzee Ntawukuriryayo, mwenye mashine, wiki ile ile alipofika kutoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka, kuishi naye. Mpunga wa tambarare hiyo huanikwa juu ya maturubai kando ya barabara, na magunia yake hufungwa kwa vipande vya waya. Kwa sababu hiyo hapakosi msumari, kipande cha waya au kizibo cha chupa kilichojificha kati ya punje. Mpunga hupita kwanza juu ya bati lililoinama, ndipo uingie katika mdomo wa mashine. Hapo kwenye bati ndipo sumaku ilipokaa. Ilikuwa kipande kizito cha chuma cha pua chenye umbo la herufi U, kilichotolewa zamani katika jenereta iliyoharibika. Chuma chochote kilichopita mbele yake kilikamatwa, na mpunga ukaendelea na safari yake ukiwa salama.

Mzee alikuwa amempa Gaju amri chache zilizo wazi. Sumaku isiangushwe, isigongwe nyundo, ipanguswe kwa kitambaa kikavu, na kila kipande cha chuma king'olewe kwa vidole. Baada ya kusema hayo hakuongeza neno. Mzee Ntawukuriryayo hakuwa mtu wa kuongeza maneno. Jioni walikula wakitazamana juu ya bakuli za maharage, na sauti pekee iliyosikika ilikuwa ya vijiko.

Gaju alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yake, Patricie, alibaki Bukavu kwa kazi yake, na aliweza kupiga simu Jumapili tu, mtandao ulipokubali. Shuleni, Kinyarwanda cha Gaju kilijikwaa, na wenzake walicheka kabla hajamaliza sentensi. Walimwita Mkongomani, ingawa babu yake alizaliwa mwendo mfupi kutoka shule hiyo. Wakati wa mapumziko alijifanya anatafuta kitu katika mkoba wake, ili asionekane kwamba hakuna anayemtafuta yeye.

Mtu mmoja tu alizungumza naye kwa lugha ya nyumbani. Huyo alikuwa Muderhwa, kijana mwenye mabega mapana aliyemimina mpunga katika mashine, naye pia mtoto wa Bukavu. Kila alasiri alipopita na ufagio wake kuelekea kisimani kunawa, alisimama mbele ya kigoda na kuuliza swali lile lile.

"Kadada, leo imeshika nini?"

Gaju alimwonyesha msumari, waya, au siku moja ufunguo ambao hakuna aliyeudai. Muderhwa alitikisa kichwa kana kwamba amesomewa habari za dunia, kisha akaenda zake. Hayo yalikuwa mazungumzo marefu kuliko yote aliyoyapata Gaju kutwa nzima. Muderhwa alipoondoka, alibaki na sumaku. Alipenda kuona vipande vidogo vya chuma vikisimama wima juu ya ncha zake kama nywele. Alipenda pia kwamba sumaku haikuachia kile ilichokishika.

Ijumaa moja, Vanessa, msichana aliyeongoza sauti za juu katika kwaya ya watoto ya parokia, alimjia wakati wa mapumziko. Alimweleza kwamba Jumapili wangeimba wimbo mmoja wa Kiswahili, na kwamba maneno yake yaliwashinda. Je, angeweza kuja jioni hiyo kuwafundisha kuyatamka? Alimwita kwa jina lake, Gaju, bila kucheka. Gaju alikubali kabla Vanessa hajamaliza kueleza saa ya mazoezi.

Aliporudi nyumbani aliikuta sumaku katika hali mbaya. Mpunga wa juma lile ulikuwa na unyevu, na pumba yake, ikichanganyika na mafuta ya mashine, ilikuwa imeganda juu ya chuma kama lami. Vipande vidogo vya waya vilizama ndani ya uchafu huo. Kuving'oa kwa vidole kungemaliza jioni yote.

Sasa, nyuma ya kila mashine ya mpunga huko Bugarama kuna chungu kubwa ya makapi inayoungua polepole kutoka ndani. Haitoi mwali, hutoa moshi mwembamba tu, lakini kiini chake kina joto la tanuri. Watu wa mashine huitumia chungu hiyo kwa werevu. Machujio ya waya yanapozibwa na pumba, huyasukuma ndani ya makapi jioni, na asubuhi huyavuta nje, huyakung'uta, na uchafu wote huanguka kama majivu. Jioni ile Muderhwa alikuwa amekwisha kuyasukuma machujio. Gaju alisimama na sumaku mkononi akaitazama chungu ile. Chujio ni chuma, aliwaza, na sumaku nayo ni chuma. Kinachosafisha kimoja kitasafisha na kingine. Akaisukuma ndani kwa mpini wa jembe, akanawa mikono, akakimbilia kanisani.

Jioni hiyo alikuwa na furaha. Watoto wa kwaya walirudia maneno baada yake, na neno "tumaini" lilipowashinda aliligawa vipande kwa vipande mpaka wote wakalisema sawasawa, na mwishoni wakamwalika kuimba nao Jumapili. Alirudi peke yake kwa njia ya mashambani akiimba kwa sauti ndogo, na kwa mara ya kwanza njia ile haikuwa ndefu.

Asubuhi ya Jumamosi aliivuta sumaku nje. Ilikuwa safi kabisa, yenye rangi ya kijivu iliyoelekea buluu, na makapi yaliyozimika pembeni yalikuwa yameipoza taratibu. Aliipangusa, akaiwekea msumari. Msumari ukaanguka. Aliuokota na kuuweka kwenye ncha ya pili. Ukateleza tena, kama ambavyo ungeteleza juu ya jiwe.

Hapo babu yake akaita kutoka ndani kwamba mteja wa kwanza amefika. Gaju alijiambia kwamba nguvu ingerudi yenyewe, kama inavyorudi katika mkono uliokufa ganzi. Alijiambia pia kwamba babu angekasirika bure kwa jambo ambalo lingejiponya kabla ya mchana. Aliiweka sumaku mahali pake juu ya bati, wala hakusema neno.

Mteja alikuwa Nzabonimana, mkulima aliyekuja na mavuno ya shamba lake lote. Muderhwa alimimina mpunga juu ya bati kama kawaida. Haukupita muda, mashine ikatoa mlio wa kukwaruza uliowafanya watu wa barabarani kugeuka. Mzee Ntawukuriryayo akaizima. Walipoifungua waliona rola za mpira zinazokoboa mpunga zimechanika, na mchele uliokuwa ukitoka ulikuwa umevunjika na kuchafuka kwa vipande vyeusi vya mpira. Kati ya rola hizo ulikuwepo msumari mrefu, umepinda.

Mzee alimpa Nzabonimana mchele mwema kutoka ghala yake mwenyewe, akamwomba radhi. Kisha akamgeukia Muderhwa. Ni lazima isemwe kwamba wakati wa mavuno yaliyopita, msururu wa wateja ulipokuwa mrefu, Muderhwa aliwahi kumimina mpunga moja kwa moja katika mdomo wa mashine bila kuupitisha kwenye bati. Mzee alimwonya, naye akaahidi kutorudia.

"Umeruka bati tena," alisema mzee.

"Hapana, Mzee. Nimepitisha yote. Hata punje moja sikuruka."

"Basi msumari huu umeota mabawa?"

"Sijue, Mzee. Mimi nasema tu vile nilifanya."

Mzee aliutazama msumari, halafu akamtazama kijana. Hakuna mtu katika ua ule aliyewahi kusikia kwamba sumaku inaweza kufa. Akamwambia Muderhwa kwamba mtu aliyevunja agizo mara moja hawezi kudai kuaminiwa mara ya pili, na kwamba kesho baada ya misa achukue vitu vyake. Gaju alisimama mlangoni akisikia yote, na ulimi wake ulikuwa mzito kama ile sumaku yenyewe.

Alasiri aliketi juu ya kigoda kwa mazoea. Hapakuwa na kitu cha kung'oa. Sumaku ililala mapajani mwake ikiwa tupu. Kwa mbali, kutoka kanisani, alisikia kwaya ikifanya mazoezi ya mwisho, na alijua kwamba walikuwa wakimngoja. Hakuweza kuinuka.

Muderhwa alikuja bila ufagio. Alichuchumaa mbele yake na kusema kwa upole kwamba angefika Bukavu kesho jioni.

"Mama yako nitamusalimia. Na wewe usichukie tate yako, huyu Mzee. Si muntu mubaya. Anaamini tu kile macho yake imeona." Akatabasamu bila nguvu. "Kadada, leo imeshika nini?"

"Kidogo tu," alisema Gaju, akaifunika sumaku kwa kitambaa.

Muderhwa aliinuka akaenda kufunga godoro lake. Gaju alibaki akiusikiliza wimbo wa mbali. Alifahamu vizuri mambo yalivyosimama. Akinena, huenda babu akamrudisha Bukavu kama mzigo usiofaa, na kwaya ikamjua kuwa mwongo kabla haijamjua vinginevyo. Akinyamaza, Muderhwa angeondoka na aibu isiyo yake, na kila alasiri angekaa juu ya kigoda hiki akijua kwa nini hakuna anayepita. Alikuwa ameujua upweke wa kutokuwa na rafiki. Huu ulikuwa upweke mwingine, wa mtu anayejificha, naye akaona kwamba hangeweza kuuvumilia hata hadi kesho.

Alimkuta babu yake ameinama mbele ya mashine iliyofunguliwa, akikwangua mpira uliochanika. Gaju aliishika sumaku mbele yake, akaiwekea msumari. Ukaanguka sakafuni.

"Sogokuru, tazama," alimwambia babu.

Mzee aliuokota msumari, akajaribu mwenyewe. Akatafuta sindano ya kushonea magunia, akajaribu nayo. Ikaanguka.

"Imefanywa nini?"

"Jana niliiweka katika makapi pamoja na machujio. Nilitaka kuwahi kwaya."

"Na leo asubuhi, ulipoiweka juu ya bati, ulijua?"

Gaju alitazama sakafu, kisha akajilazimisha kuinua macho.

"Nilijua."

Mzee hakupaza sauti. Alipangusa mikono yake kidole kwa kidole, akachukua kofia yake msumarini, akasema, "Twende."

Walivuka ua hadi chumba cha Muderhwa. Godoro lilikuwa limekwisha kukunjwa na kufungwa kamba. Mzee alivua kofia mlangoni, jambo ambalo Gaju hakuwahi kuona akilifanya mbele ya mtu aliye mdogo kwake.

"Muderhwa, nimekuhukumu bila kupima. Mpunga ulipita juu ya bati kama ulivyosema. Sumaku ndiyo iliyokuwa imekufa. Naomba unisamehe."

Kijana aliduwaa, akatafuta kiti cha kumpa. "Mzee, ikala kwanza. Kumbe sumaku nayo inakufa? Na hatukufanya hata matanga."

Mzee hakucheka. Alisogea kando ili Gaju aonekane. Gaju alieleza yote kwa sauti iliyokatikakatika: chungu ya makapi, msumari ulioanguka, na ukimya wake. Muderhwa alimsikiliza hadi mwisho.

"Nilikuuliza," alisema. "Pale kwenye kigoda, nilikuuliza."

Akaanza kufungua kamba ya godoro lake. Gaju angependelea fimbo.

Jumapili alikaa kwenye benchi kando ya babu yake, kwa kuwa kanuni ya kwaya haimruhusu kuimba mtu aliyekosa mazoezi ya mwisho. Wimbo ulipofika kwenye neno "tumaini", watoto wote walilitamka sawasawa, kama alivyowafundisha. Vanessa alimtafuta kwa macho kati ya watu, asimwone.

Rola mpya ziliwasili Jumatatu, lakini sumaku ilikuwa bado kipande cha chuma tu. Mzee aliagiza kwamba kila gunia limwagwe juu ya turubai na kupekuliwa kwa macho na kwa mikono kabla ya kukobolewa, na Gaju afanye kazi hiyo kila atokapo shuleni. Muderhwa alifanya kazi hiyo pamoja naye. Alisema "sogeza gunia" na "leta ungo", na maneno mengine ya kazi. Swali lake la kila alasiri hakuliuliza.

Siku chache baadaye mzee alimpeleka Gaju kwa fundi Mukantwari, mama mmoja aliyesomea umeme katika shule ya ufundi na ambaye karakana yake ya kusuka upya mota zilizoungua iko kando ya barabara iendayo Ruhwa. Mama huyo aliigeuza sumaku mikononi, akasikiliza habari za makapi, akaguna.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Ndani ya chuma hiki kuna sehemu ndogo sana, nyingi zisizohesabika, na kila moja ni sumaku ndogo. Zote zikielekea upande mmoja, nguvu zao hujumlishwa. Ni kama watu misani, wote wakitazama altare. Sasa joto likiingia ni kama nyuki wameingia kanisani. Kila mmoja hugeukia upande wake. Watu ni wale wale, wala hakuna aliyetoka, lakini misa imevunjika."

"Na wakipoa, kwa nini hawageuki tena wenyewe?" aliuliza Gaju.

"Ni nani aliyewaita? Asipokuwepo wa kuwaita, watabaki walivyotawanyika. Umeme ndio utakaowaita. Umeme wa betri ukipita katika waya uliozungushwa, huzaa uga wa sumaku, nao uga huo huzigeuza sehemu hizo zote kuelekea upande mmoja."

Alimpa Gaju waya wa shaba uliopakwa vanishi, akamwonyesha namna ya kuuzungusha kwenye mguu mmoja wa sumaku, kisha kwenye mguu wa pili kwa kuelekea kinyume, mzunguko kando ya mzunguko, bila pengo. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu, na kila alipoharakisha, waya ulilegea ikambidi aanze upya. Alipomaliza, Mukantwari mwenyewe aligusisha ncha za waya kwenye betri ya lori, huku akimkataza mtoto kusogea karibu. Misumari iliyokuwa juu ya meza ikaruka na kung'ang'ania sumaku. Gaju alitabasamu. Fundi akaondoa waya, na misumari karibu yote ikaanguka.

"Umeona?" alisema Mukantwari. "Wanageuka wakiitwa, lakini mwitaji akinyamaza wanasahau. Chuma chako kimepoa taratibu ndani ya makapi, nacho kimekuwa laini. Chuma laini huitika upesi na kusahau upesi. Tukitaka kikumbuke, sharti kwanza kiwe kigumu."

Waliutoa waya wote. Mukantwari akawasha tanuri dogo la makaa, akaipasha sumaku mpaka ikawa nyekundu kama jua la machweo, kisha akaikamata kwa koleo na kuitumbukiza ghafla katika ndoo ya maji. Mvuke ukapanda hadi darini. Gaju aliuliza kwa mshangao iweje moto ulioiharibu ndio uiponye. Mukantwari alimjibu kwamba moto ni ule ule, ila kupoa ndiko kunakotofautiana. Kupoa polepole hulainisha chuma cha namna hiyo, na kupoa ghafla hukikaza. Lakini ugumu peke yake bado si usumaku.

Gaju akazungusha waya tena tangu mwanzo. Safari hii hakuharakisha. Umeme ulipopitishwa misumari iliruka, na ulipokatwa, ilibaki ikining'inia kwenye ncha za sumaku kama samaki kwenye mshipi. Mzee Ntawukuriryayo, aliyekuwa amekaa pembeni muda wote huo, aliuvuta mmoja kwa vidole, akahisi unavyokataa kuachia.

"Haijafikia nguvu yake ya zamani," alionya fundi, "lakini itafanya kazi. Na mtu asiilaze tena motoni."

Njiani kurudi, mzee alitangulia mbele. Walipofika mahali ambapo maji ya mfereji hugawanyika kuingia mashambani, alisimama.

"Gaju, mimi nilikukataza kuiangusha na kuigonga. Habari ya moto sikukuambia, kwa kuwa mimi mwenyewe sikuijua. Kwa kosa la Ijumaa, kosa la kutojua, huna deni. Kosa lako ni la Jumamosi asubuhi. Uliuona msumari ukianguka, ukanyamaza. Ukweli uliocheleweshwa humwangukia mwingine, nao ulimwangukia mtu aliyekutendea wema."

"Nilidhani utanirudisha Bukavu."

Mzee aligeuka kuyatazama maji. "Nimekaa peke yangu tangu bibi yako alipofariki, nikasahau namna ya kuzungumza na mtoto. Hilo ni langu, nami nitalirekebisha. Lakini kumbuka ulichokiona leo. Kuitikia neno jema ni jambo jepesi, hata chuma laini huitikia. Mtu mwaminifu ni yule anayelishika neno hilo hata asipokuwepo wa kumwita. Hakuna anayepata ugumu wa namna hiyo bila kwanza kuungua kidogo. Wewe umeungua. Usilainike tena."

Kesho yake sumaku ilirudi mahali pake juu ya bati, na mashine ikafanya kazi hadi alasiri bila mlio wowote mbaya. Ilipozimwa, Gaju aliketi juu ya kigoda na kitambaa chake kikavu, akaanza kung'oa vipande kimoja kimoja. Alisikia hatua za Muderhwa zikija na ufagio, akainamisha kichwa, kwa kuwa alizoea sasa kwamba hatua hizo hupita.

Hatua zikasimama.

"Kadada," alisema Muderhwa, "leo imeshika nini?"

Gaju aliinua kitambaa kabisa, akageuza sumaku ili ncha zote mbili zionekane.

"Waya, kizibo, na msumari mmoja," alisema. "Na huku upande wa kushoto bado ni dhaifu. Sindano hukaa, lakini msumari mnene huanguka. Nitamwambia Sogokuru sasa hivi."

Muderhwa aliegemeza ufagio ukutani, akaketi chini kando ya kigoda, akaanza kumsaidia kung'oa.